Mkongwe Mmoja Tu

Sumbawanga,
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Dada yangu Koku,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama, si umelala, maana mara ya mwisho uliniambia mgongo haujatulia tangu mbebe ile mikungu ya ndizi ya harusi. Mama je, bado anakataa kuvaa miwani na kusingizia kwamba maandishi ya siku hizi ni madogo? Na watoto wako, yule wa mwisho ameacha kulia akipelekwa shule? Mimi kwa afya sijambo. Baridi ya huku msimu huu inakufanya uyaogope maji ya kunawa uso. Upepo unaanza asubuhi, unapita juu ya uwanda wote huu bila mti wa kuuzuia, na jioni unakuta vumbi jekundu hadi ndani ya sanduku la nguo. Lakini hayo umeyasikia miaka saba sasa, yamekuchosha.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kama enzi zile za bweni wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu mwezi huu nikiwa nimeazimia kukueleza, na mara zote nimeishia kukwambia nina mafua. Sina mafua. Nikisikia sauti yako najitetea, na sitaki kujitetea tena. Barua hii anakuletea Renatha, mwenzangu wa maabara, anayekuja likizo kwao Muleba. Mpe chai, ila usimwulize kitu. Anajua nusu ya habari, nayo ni ile nusu inayonipendelea.

Ni kuhusu timu, dada. Najua utaguna. Tangu utoto ulikuwa unanigombeza kwamba mpira wa kikapu utanifanya nisahau kuteka maji. Soma tu.

Unamkumbuka Oliva. Ni yule fundi cherehani wa sokoni aliyekupigia simu mwaka ule nilipopasuliwa kidole tumbo, akakwambia usipande basi, yeye yupo. Ulimjibu, "Nitunzie mdogo wangu." Akanitunza. Siku tisa alilala kwenye mkeka kando ya kitanda changu wodini, asubuhi anakwenda kufungua kibanda, mchana anarudi na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Nilikuwa mgeni hapa, Mhaya asiyejua hata kuitikia salamu ya Kifipa, na watu walikuwa wananiita "yule mrefu wa maabara". Tulijuana mwezi wangu wa kwanza, nilipompelekea sketi airefushe pindo. Alinipima kwa futi yake, akacheka. "Miguu yote hii unaipeleka wapi?" akaniuliza. "Jumamosi njoo uwanjani."

Ile timu ya wanawake aliianzisha yeye na wenzake, wakati uwanja wenyewe ulikuwa sakafu ya zege iliyopasuka na ringi moja iliyopinda. Nilipojiunga, yeye ndiye aliyekuwa akipanga watano wa kuanza, ingawa kocha tulikuwa naye. Kocha alikuwa mwalimu mpole, alimwachia. Oliva alikuwa na neno lake alilolirudia kila msimu: "Mtoto anakimbilia asikokujua, na mkubwa anakujua asikoweza kukimbilia. Waweke pamoja." Basi daima alianza na wakubwa wawili na wasichana watatu. Robo ya pili anawapumzisha wakubwa, wasichana wakimbie wawachoshe wapinzani, na robo ya mwisho anawarudisha wakubwa watulize mambo. Hatukuwa timu kubwa, lakini kila aliyekuja kucheza hapa aliondoka anatuheshimu.

Miaka ikapita. Wakubwa wakaondoka mmoja mmoja, huyu kaolewa Mpanda, yule kahamishwa, mwingine kachoka. Tukabaki wawili, Oliva mwenye arobaini na moja na mimi mwenye thelathini na tano. Waliobaki wote ni wasichana wa chini ya miaka ishirini na miwili. Nitakutajia wawili tu. Edina, wa hapa hapa mjini, mfupi, mwepesi, mkono wake na mpira kama vimezaliwa pamoja. Na Kabula, Msukuma. Baba yake alihama na ng'ombe zamani akaweka boma kule Milepa, bondeni. Kabula alimaliza kidato cha nne, akaja kukaa kwa shangazi yake mjini, na siku ya kwanza alipokuja uwanjani alikuwa hajui hata sheria. Oliva alimfundisha mwaka mzima, kuanzia namna ya kusimama. Leo hakuna msichana mkoani anayeruka kumzidi.

Mwanzoni mwa mwaka kocha wetu akahamishwa. Kamati ikakaa, ikaniteua mimi kuwa kocha mchezaji. Sababu? Nina cheti cha kozi ya wiki mbili. Mwenyekiti, Bwana Gaudensi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisema timu inahitaji "mtu msomi". Oliva aliishia darasa la saba. Hapo hapo ningepaswa kusema, "Mwenye timu yupo, mpeni." Sikusema. Nilipeana mikono na watu, nikaenda zangu nyumbani nimefurahi. Oliva naye akanipongeza, tena kwa moyo. Akasema, "Sasa utapanga wewe, mimi nitachoka kidogo kidogo." Nadhani alitegemea nitamwuliza ushauri. Wiki za kwanza nilimwuliza. Baadaye nikaacha, maana wasichana walianza kumtazama yeye kabla ya kunijibu mimi, na jambo hilo lilinichoma kuliko nilivyotaka kukubali.

Kisha likaja shindano la mikoa ya huku nyanda za juu, nasi ndio wenyeji. Bwana Gaudensi akaniita dukani kwake. Akaniketisha kwenye mfuko wa saruji, akasema, "Mwaka huu nataka damu changa. Watu wanakuja kutoka mbali. Kuna kocha wa Dodoma anakuja kutazama wasichana wa kuchukua. Siwezi kuonyesha bibi zao."

Nikamwambia wakongwe wanahitajika kuwatuliza watoto.

"Mmoja," akasema. "Mkongwe mmoja tu. Timu siyo nyumba ya wastaafu. Nani abaki, kocha ni wewe, chagua."

Dada, nimejiuliza mara nyingi sana kama ningeweza kumkatalia mtu yule. Ningeweza. Ukocha ule haukuwa na mshahara wa kupoteza. Lakini sikumkatalia, na sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Nilikuwa nimeshachagua kabla hajanyamaza. Nikajipa sababu nzuri nzuri: Oliva magoti yake yamevimba, asubuhi anashuka ngazi kwa kushika ukuta, mimi bado nakimbia, na kocha akiwa ndani ya uwanja anaona zaidi. Sababu zote ni za kweli. Lakini hata magoti yake yangekuwa mazima, ningemwacha vilevile.

Na sikwenda kumwambia. Kibanda chake kiko hatua mia mbili kutoka getini kwetu, lakini sikwenda. Ijumaa niliandika majina kumi na mawili kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mlango wa kile chumba cha kuwekea mipira, nikaondoka mapema kwa kisingizio cha zamu.

Jumamosi nilipofika, Oliva alikuwa amesimama mbele ya mlango na mfuko mkubwa mkononi. Jezi mpya alikuwa amezishona yeye, kwa cherehani yake, zote kumi na mbili, za bluu zenye utepe mweupe ubavuni. Yake ilikuwa namba nne, ameivaa tangu timu izaliwe. Alikuwa amemaliza kuisoma ile karatasi. Wasichana walikuwa wamejikusanya chini ya ringi, wanajifanya wanafunga kamba za viatu.

"Kemi," akaniita, kwa sauti ile ile ya siku zote. "Namba nne anavaa nani?"

Nikasema, "Edina."

Akatumbukiza mkono mfukoni, akaitoa ile jezi, akaipima kwa macho. "Edina ni mwembamba. Itabidi niipunguze kiunoni." Akaikunja, akaiweka kwapani, akanipa mfuko wenye zile kumi na moja. Jioni aliileta imepunguzwa, imepigwa pasi. Hakuniuliza neno. Angenitukana mbele ya watu ningepumua.

Shindano likaanza. Sitakudanganya, mechi mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Wasichana walikimbia kama wamefunguliwa zizi. Kabula alikuwa anachukua kila mpira unaogonga ubao, Edina anapita katikati ya watu wazima kama maji. Watu walijaa kuanzia ukutani hadi barabarani, wamejifunika blanketi kwa baridi. Bwana Gaudensi alikuwa anazunguka na kofia yake akisema, "Mnaona? Mnaona damu changa?" Na mimi nilikuwa natabasamu. Nilijiambia basi, nilichagua sawa. Oliva hakuja hata siku moja. Niliambiwa amekwenda kwao Msanzi kumsaidia mama yake kuvuna ulezi. Nikaona heri, nisikutane na macho yake.

Fainali tulicheza na timu kutoka Mbeya. Nilipowaona wakipasha misuli, moyo ulinishuka. Watatu wasichana, wawili wanawake wazima, mmoja wao ana mvi mbele hapa. Ilikuwa kama nimeona mkono wa Oliva mahali pengine. Robo mbili za kwanza wasichana wetu waliwakimbiza, tukawa mbele kwa pointi kumi. Yule mwenye mvi hakukimbia hata mara moja. Alitembea tu, akawa anaongea na wenzake, anawaonyesha kwa kidole. Robo ya tatu upepo ukazidi, ule wa mchana unaotokea upande wa mlimani. Mipira yetu ikaanza kupotea. Wasichana hawajui kutupa kwenye upepo. Kazi hiyo ilikuwa ya Oliva, anaupigisha mpira ubaoni chini kidogo, unaingia. Sisi tulitupa juu, ukapeperushwa. Edina akaanza kuharakisha, wengine wakaanza kulaumiana. Nilitazama benchi kutafuta mtu wa kuingia kuwatuliza. Niliona watoto saba wanatetemeka.

Basi nikabaki ndani. Robo zote nne, dada, bila kutoka. Mapaja yalikuwa yameshakufa ganzi. Zikiwa zimebaki dakika mbili Edina alinijia wakati wa mtupo huru, akaninong'oneza, "Dada Kemi, pumzika kidogo. Muingize Rehema kutoka benchi, tutashika."

Nikamwambia, "Nyamaza, ucheze."

Zikabaki sekunde chache. Tunaongoza kwa pointi moja, mpira ninao mimi. Mtu yeyote anayejua mchezo huu angekwambia cha kufanya: toa pasi, acha muda uishe. Kabula alikuwa chini ya ringi peke yake, mikono juu, anapiga kelele, "Dada! Dada! Dada!" Nilimwona. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu wengi hapa bado wanaamini sikumwona. Nilimwona vizuri kabisa, nikaona pia jukwaa lote limesimama, nikataka kikapu cha mwisho kiwe changu. Nilikuwa nimemtoa mtu ili nibaki, basi nilitaka wote waone kwa nini nimebaki. Nikageuka, nikajaribu kumpita yule mwenye mvi. Hakunikimbilia. Alinisubiri tu. Nikatupa nikiwa sina miguu, mpira ukafa kwenye upepo kabla ya kufika. Wakauchukua, pasi ndefu, msichana wao akakimbia peke yake hadi mwisho akafunga. Filimbi. Arobaini na moja kwa arobaini.

Ningekuwa nimeishia hapo, ningekuwa nimeshindwa mechi tu. Watu wanashindwa mechi.

Bwana Gaudensi alivuka uwanja ananijia, uso umemvimba. Kutoka upande aliokuwa amekaa asingeweza kuona chini ya ringi, watu walikuwa wamesimama mbele yake. "Ulikuwa unampa nani ule mpira?" akafoka. "Kabula alikuwa wapi?"

Nikasema, "Hakuwepo kwenye nafasi yake."

Lilitoka hivyo tu, kama mtu anavyokinga uso akirushiwa kitu. Kabula alikuwa hatua tatu nyuma yangu, bado anahema. Nilimsikia akiacha kuhema. Edina aliniangalia, kisha akaangalia chini. Nilikuwa na muda wa kusema, "Hapana, subiri, si hivyo." Muda wa kutosha. Nikainama nikafungua kamba za viatu.

Baba yake Kabula alikuwepo. Alikuwa amepanda kutoka Milepa na fimbo yake na shuka lake, mara ya kwanza kumwona mwanawe akicheza. Alimsikiliza mwenyekiti akipiga kelele mbele ya watu kwamba binti yake ameuza mechi kwa uzembe. Mzee hakubishana. Alimwambia binti yake maneno machache kwa Kisukuma, wakaondoka wote wawili. Na yule kocha wa Dodoma, ambaye kweli alikuja, aliandika jina la Edina. Kisha akamwuliza Bwana Gaudensi habari za Kabula. Nikamsikia mwenyekiti akimjibu kwa maneno yangu mwenyewe, kayaongezea chumvi kidogo: "Yule hana nidhamu. Hakai kwenye nafasi yake." Kocha akafunga daftari lake.

Wiki iliyofuata kamati ikakaa tena. Unajua Bwana Gaudensi alisema nini? "Tumekosa uzoefu. Nani aliwatoa wakongwe?" Akanitazama. Wajumbe wote wakanitazama. Nilitaka kucheka, dada, lakini ningecheka ningelia. Wakanivua ukocha, na kwa hilo siwalaumu, ingawa mtu aliyenivua ndiye aliyeniamuru. Ndivyo walivyo. Damu changa ikishinda ni yao, ikishindwa ni yako.

Kabula hakurudi mazoezini. Nilikwenda kwa shangazi yake, nikaambiwa yuko bondeni, anachunga. Nikamwandikia ujumbe kwenye simu nikaufuta, nikauandika nikaufuta. Jumamosi mbili zikapita. Mwishowe nikaona hakuna mtu atakayeweza kumrudisha isipokuwa Oliva. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari la Matai, nikashuka Msanzi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mama yake anapepeta ulezi, kichwa chote vumbi. Mama yake, bibi mmoja mdogo mwenye rozari shingoni, alinipokea vizuri, akaniletea kigoda na bakuli la maharage. Oliva alinisalimia, akaniuliza habari za maabara, akaniuliza habari zako wewe na mgongo wako. Nilikula. Hakuacha kupepeta.

Nikamwambia, "Dada Oliva, nimekuja kukuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Wa kukuacha kwenye kikosi."

Akatua ungo. "Kemi, mimi magoti yangu nayajua. Ungekuja kibandani ukaniambia, Oliva, mwaka huu mmoja tu, nabaki mimi, ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekuja kukushangilia. Hukuja. Uliniandikia karatasi, mimi niliyekuogesha." Akapangusa vumbi usoni. "Lakini hilo ni langu na wewe, na mimi ni mtu mzima. Nimeshalimeza. Kabula je? Naye ana magoti mabovu?"

Nikaweka bakuli chini.

"Edina alinipigia simu siku ile ile," akasema. "Aliniambia ulimwona, ukamnyima. Ni kweli ulimwona?"

Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemjibu. Nikasema, "Nilimwona."

Mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, alisema kitu kwa Kifipa. Oliva hakunitafsiria. Alichukua ungo, akaendelea. Baadaye akasema, "Nitakwenda Milepa mimi mwenyewe. Wewe usiende. Baba yake akikuona wewe, mtoto hatapanda tena huku." Nikamshukuru. Akasema, "Usinishukuru, siendi kwa ajili yako." Alinisindikiza hadi barabarani kama anavyomsindikiza mgeni yeyote, akanipa ulezi kwenye kimfuko, akarudi kabla gari halijaja. Zamani angesubiri.

Alikwenda kweli, na magoti yale, akashuka bondeni na kupanda tena. Sijui alimwambia nini yule mzee. Ninachojua, wiki ile kamati ilimfuata Oliva kumwomba awe kocha. Akakubali kwa sharti kwamba majina anapanga yeye na mwenyekiti asitie mguu, na Jumamosi Kabula alikuwa uwanjani. Oliva alimpigia simu hata yule kocha wa Dodoma, akamweleza ukweli. Mtu yule alisema nafasi zimeshajaa, labda mwaka kesho atapita tena. Labda. Kabula ana miaka kumi na minane, dada. Unajua "labda" ya mwaka kesho inavyokuwa kwa msichana ambaye baba yake anamhitaji kwenye ng'ombe.

Jumamosi hiyo nilikwenda. Niliwaomba wasimame, nikasema mbele yao wote: Kabula alikuwa kwenye nafasi yake, nilimwona, nilitaka kufunga mimi, nikamsingizia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa machozi. Kabula alikuwa anazungusha mpira mikononi anatafuta maandishi yake. Nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu."

Akasema, "Sawa, dada." Kwa adabu tu, kama unavyomjibu mtu ofisini.

Oliva akasema, "Tumesikia. Edina, waongoze wakimbie." Wakaanza kukimbia, mizunguko kumi. Mimi nikabaki nimesimama katikati pale, sijaambiwa nikimbie wala niondoke.

Walipomaliza alinisogelea. Alikuwa ameshika karatasi yake, imekunjwa. Hakuibandika mlangoni, alimwita mtu mmoja mmoja akamwambia mwenyewe. Mimi aliniita wa mwisho. "Nimepanga kama zamani," akasema. "Wawili wakubwa, watatu wadogo. Kuna mwalimu mmoja amehamia, alicheza sana huko kwao Iringa, ana thelathini na tatu. Ataanza yeye na Rehema, Rehema amekomaa sasa, namhesabu mkubwa. Wewe ni wa kumi na mbili. Utakaa benchi. Nikikuhitaji nitakuita, nisipokuhitaji sitakuita. Ukiona huwezi, usije, na sitakuja kukubembeleza."

Nikamwambia nitafikiri.

Akasema, "Fikiri."

Hayo ndiyo mafua yangu. Usiniambie ni mchezo tu. Nimejiambia hivyo mwezi mzima na haikusaidia. Najua pia utataka kuniambia nijaze fomu ya uhamisho nirudi karibu na nyumbani. Fomu nimeichukua, iko kwenye droo kazini, sijaijaza. Nikiondoka sasa hapa nitakumbukwa kwa jambo moja tu. Nikikaa pia huenda nitakumbukwa kwa hilo hilo, ila angalau watalisema nikiwepo.

Mwambie Mama namsalimu kwa magoti, na avae miwani. Msalimie shemeji, mumeo, na umwambie redio yake haijafika, si kosa langu. Wasalimie watoto wote mmoja mmoja kwa jina, usiwajumlishe. Mjomba anayetunza shamba la marehemu baba, mwambie nimepata ujumbe wake wa kahawa, nitamjibu kwa simu. Na shangazi yetu wa Kamachumu, akikuuliza habari zangu, mwambie sijambo, asije akaanza novena ya kuniombea.

Mechi ni Jumamosi hii, na wageni kutoka Mpanda. Nitakwenda. Nitavaa jezi niliyopewa, nitakaa mwisho wa benchi pale aliponiweka, nitawapa wengine maji wakitoka. Nadhani hataniita. Kwa kweli, dada, kama ningekuwa mimi ndiye ninayepanga, na mimi nisingejiita.

Mdogo wako anayekupenda, ambaye leo hakukudanganya,

Kemilembe